Charles Chamberland na Mshumaa wa Kuchujia Maji

Habari za Pasteur tumezisoma darasani, lakini msaidizi wake, Charles Chamberland, hatajwi sana. Nami napenda kuwasimulia maisha yake kwa kifupi.

Alizaliwa Ufaransa mwaka 1851, katika kijiji cha Chilly-le-Vignoble. Alisoma Paris, akaingia kazini kwa Pasteur. Mwaka 1879 alibuni chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, ambacho mfano wake hospitali zautumia hata leo. Mwaka 1881 alishiriki katika lile jaribio mashuhuri la kuwachanja kondoo wasipatwe na kimeta.

Mwaka 1884 akatoa chujio lake: bomba la kaure, umbo lake kama mshumaa. Maji hupenya ukuta wake, vijidudu hubaki nje.

Lakini vitundu vya kaure havionekani kwa macho. Tutajuaje kama vyafaa? Njia moja ni mizani. Mshumaa hupimwa ukiwa mkavu, huchemshwa majini hata ushibe, kisha hupimwa tena. Uzito uliozidi ni wa maji yaliyojaza vitundu. Walakini mizani haiwezi kutofautisha vitundu elfu na ufa mmoja.

Njia ya pili ni hewa. Mshumaa uliolowa hutiwa majini, na hewa husukumwa ndani yake. Maji huziba kila kitundu kama kizibo, na kitundu kipana kuliko vyote ndicho hutoa povu kwanza. Kitundu chenye upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita chataka msukumo upatao mara tatu ya ule wa hewa ituzungukayo. Mjerumani Bechhold alieleza kipimo hiki mwaka 1908, mwaka ule ule aliofariki Chamberland.

Na kipimo ni lazima. Mwaka 1892 Mrusi Ivanovsky alichuja kwa mshumaa huo utomvu wa tumbaku yenye ugonjwa. Utomvu uliochujwa ukaambukiza vile vile. Kumbe virusi ni vidogo kuliko vitundu!

Sisi wa Gisenyi tusilione jambo hili kuwa la mbali. Mwezi wa Julai 1994 kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi kule Goma, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Basi, ndugu zangu, maji kung'aa si kuwa safi; na chujio lisilopimwa tusiliamini, bali tuyachemshe maji.