Edward Steere na Hadithi ya Maneno Machache

Katika shule za Nachingwea na Ruangwa wako watoto ambao huingia darasa la kwanza wakiwa na Kimwera, Kimakonde, Kiyao au Kimakua cha nyumbani, na Kiswahili chao bado kichanga. Mtoto wa namna hii akipewa hadithi iliyojaa maneno mageni, hukata tamaa. Akipewa sentensi kavu zisizo na kisa, huchoka. Katika hali zote mbili hudhani kwamba kusoma si kazi yake. Ili tujifunze namna ya kuziepuka hatari hizo, na tuyatazame maisha ya Edward Steere.

Steere alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria kabla ya kuwa padre. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Watoto wa kwanza waliokabidhiwa kwao walikuwa wameokolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walitoka bara, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama zao. Steere naye alikuwa bado anajifunza lugha hiyo. Aliwafundisha vijana hao kupiga chapa, na wakati huohuo akawasikiliza wenyeji wa Unguja wakisimulia ngano, akaziandika.

Mwaka 1870 ngano hizo zilitolewa London katika kitabu kimoja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili. Hakuzitunga yeye, zilikuwa mali ya wasimulizi wake. Sifa yake ni kwamba alikubali kusikiliza.

Mojawapo ya ngano hizo yamhusu Goso, mwalimu aliyefundisha watoto kusoma chini ya mbuyu. Paa alipanda mtini kuiba matunda. Buyu likaanguka, likampiga mwalimu, akafa. Wanafunzi walianza kumtafuta mwuaji. Walilaumu upepo wa kusi, nao ukajitetea kwamba hauna nguvu, kwa kuwa huzuiwa na kiambaza. Kiambaza hutobolewa na panya, panya huliwa na paka, paka hufungwa kwa kamba, kamba hukatwa kwa kisu, kisu huunguzwa na moto, moto huzimwa na maji, maji hunywewa na ng'ombe. Mambo yakaendelea hivyo hadi wakamfikia paa, naye hakuwa na la kujibu.

Hebu tuichunguze kazi hiyo kwa jicho la ualimu. Katika kila hatua msikilizaji huongezewa jina moja na tendo moja tu. Mengine yote amekwisha kuyasikia. Majina yenyewe ni ya vitu vya nyumbani. Hata hivyo hachoki, kwa maana swali moja humvuta mbele: ni nani aliyemwua mwalimu? Basi marudio, ambayo katika zoezi kavu huchosha, hapa huwa ndiyo utamu wenyewe.

Steere alifanywa askofu mwaka 1874. Mwaka 1876 aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka pwani ya Lindi hadi Masasi, kusini mwa Nachingwea, ambako baadhi yao walianzisha makazi mapya. Alifariki Unguja mwaka 1882.

Mwalimu atakayepangiwa kijiji cha Ruangwa ambako vitabu ni haba anaweza kuifuata njia hiyo. Kwanza, awasikilize wazee wa hapo na kuchagua kisa chenye swali moja lenye uzito. Pili, aorodheshe maneno ambayo watoto wake wanayajua: jembe, ndoo, kuku, mkorosho. Tatu, aijenge sentensi moja na kuirudia, akibadilisha jina na tendo tu. Mwisho, aisome mbele ya darasa na kunyamaza kabla ya neno la mwisho. Watoto wakilitamka wenyewe, hadithi imefaulu. Wakikaa kimya, hana budi kuiandika upya.

Uchache wa maneno si umaskini wa hadithi. Hadithi huwa maskini pale isipokuwa na jambo ambalo mtoto anataka kulijua.