Patrick Steptoe, daktari aliyefungua njia ya mimba ya maabara

Huko Ruziba, kusini mwa jiji la Bujumbura, kama katika mitaa mingi ya ukanda huu, ndoa ikikosa mtoto macho humwelekea mke kwanza. Patrick Steptoe aliwatibu wanawake wa namna hiyo kwa miaka mingi, ingawa dawa yake haikuwafaa wanandoa wote.

Alizaliwa Witney, Uingereza, tarehe 9 Juni 1913. Katika Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi la majini. Mwaka 1941 meli yake ilizamishwa karibu na Krete, akawa mateka wa Waitalia hadi 1943. Mwaka 1951 alihamia Oldham, mji wa viwanda vya pamba, mbali na hospitali zenye majina. Hapo alibobea katika kuchungulia ndani ya tumbo kwa bomba jembamba lenye mwanga, lililopitishwa kwenye tundu dogo karibu na kitovu. Madaktari wenzake wengi walimbeza. Robert Edwards, mwanasayansi wa Cambridge, alimwendea: alihitaji mayai yaliyokomaa, na Steptoe aliweza kuyatoa bila kupasua tumbo zima. Walianza kushirikiana mwaka 1968, wakisaidiwa na muuguzi Jean Purdy. Mwaka 1971 baraza la utafiti wa tiba likawanyima fedha, hawakuacha.

Yai liliwekwa kisahanini pamoja na maelfu ya mbegu za kiume, hata moja ikapenya yenyewe. Lesley Brown, ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, akajifungua Louise tarehe 25 Julai 1978.

Kwa mume mwenye mbegu chache au dhaifu, kisahani hicho hakikutosha. Steptoe alifariki tarehe 21 Machi 1988 kabla ya ufumbuzi kupatikana. Mwaka 1992 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza mimba zilizopatikana kwa kuchagua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno. Siku hizi kliniki nyingi hudunga hata pale mume hana kasoro, na gharama hupanda. Tafiti kubwa hazijaonyesha kwamba wanandoa hao hupata watoto zaidi kuliko kwa kisahani cha zamani. Kwa hiyo mume naye hupimwa kabla njia haijachaguliwa, jambo ambalo waume wengi hulikwepa.

Edwards alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010, peke yake. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu, na Purdy alikuwa amefariki tangu 1985, akiwa na miaka 39.