Hadithi Moja, Miaka 18

Mwaka wa 1945, msichana wa miaka 20 kutoka Georgia, kusini mwa Marekani, aliingia ofisini kwa Paul Engle, mkuu wa darasa la uandishi katika Chuo Kikuu cha Iowa. Akaongea. Engle hakushika kitu, lafudhi ilikuwa nzito mno. Ikabidi ampe karatasi aandike shida yake. Kumbe alikuwa amekuja kusomea uanahabari lakini anataka kuandika hadithi.

Huyo ndiye Flannery O'Connor. Darasani hadithi yako inasomwa kwa sauti, kisha wenzako wanaichambua ukisikia. Zake zilisomwa na wengine, sababu ni ile lafudhi. Yeye alikaa nyuma, kimya.

Hadithi yake ya kwanza kuchapishwa, "The Geranium", ilitoka 1946. Mzee wa Kusini amehamia kwa bintiye New York, anashinda dirishani akitazama ua la jirani na kulilia kwao. Basi. Mwingine angesherehekea na kusonga mbele, lakini yeye alihisi haijaiva.

Mwisho wa 1950 akashikwa na lupus, ugonjwa uliomuua babake. Alirudi kwa mamake Georgia, wakaishi shambani. Akafuga tausi, akaandika kila asubuhi, na baadaye akawa anatembea kwa magongo. Katikati ya hayo yote akamrudia yule mzee, akamwandika upya.

Mimi niliacha chuo, na kabla ya hapo niliwahi kufuta hadithi kwenye simu siku ile ile wenzangu walipoicheka. Sikuibakisha hata kopi, bana. Ndiyo maana hii ya O'Connor inaniuma.

Mwaka wa 1964 alikuwa akiingia na kutoka hospitalini, anaficha kazi yake chini ya mto. Mzee akarudi tena. Safari hii hakai tu dirishani. Anatia mfukoni kijikaratasi cha kuomba mwili wake upelekwe Georgia, halafu anatoka aende mwenyewe. Anafia kwenye ngazi.

O'Connor alifariki Agosti 3 mwaka huo, akiwa na miaka 39. "Judgement Day" ilitoka kitabuni 1965. Ukipata mkusanyiko wa hadithi zake zote, ile ya darasani ndiyo ya kwanza, na hii ndiyo ya mwisho.