Adolf Martens na Siri ya Pua

Kutoka Kona ya Musa kushuka Galu si mbali. Huko wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mabaki ya uhunzi wa zaidi ya miaka 1,000. Na mhunzi yeyote hujua: pua iliyowiva ikawa nyekundu, ukiizamisha majini ghafla, hutoka ngumu, ukiiacha ipoe polepole, hutoka laini. Sababu yake ilingojea hadubini.

Adolf Martens alizaliwa Ujerumani tarehe 6 Machi 1850. Alisomea uhandisi Berlin, akaajiriwa katika reli ya Prussia, kazi yake madaraja ya chuma. Kazi hiyo ni dhamana ya roho za watu, kwani chuma kizima na kibovu kwa macho ni mapacha. Basi kwa juhudi zake mwenyewe akawa aking'arisha vipande vya chuma, akivitia tindikali na kuvitazama kwa hadubini, huku akichora alichokiona. Mwaka 1878 alianza kuchapisha matokeo yake; 1884 akawa mkuu wa taasisi ya kupima vyuma mjini Berlin. Alifariki tarehe 24 Julai 1914.

Jina lake halikutukuzwa na Wajerumani wenzake tu. Mwaka 1895 Floris Osmond, Mfaransa, ndiye aliyeliita umbile gumu la pua martensaiti, ingawa mataifa yao yalipigana vita 1870 na 1871. Elimu haina mpaka.

Katika mageuzi hayo chembe za chuma hazitawanyiki. Husogea pamoja, kama wavuta juya ufukweni wanaopiga hatua moja.

Mnamo miaka ya 1960 Wamarekani waligundua kuwa mchanganyiko wa nikeli na titani hugeuka vivyo hivyo, tena hurejea. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Chuma hiki mkunje kingali baridi, kisha kipashe moto, nacho hulikumbuka umbo lake. Leo hutengenezewa vijirija vya kupanulia mishipa ya damu.

Kishindo nacho hukigeuza kama baridi. Lakini kadiri kilivyo na joto, ndivyo kinavyodai pigo kubwa zaidi. Joto likipita kiasi, pigo hukipinda tu, kisirudi tena. Kwa hiyo mwenye kuuliza nguvu ya chuma na aulize kwanza: kwa joto gani, na kwa pigo gani? Ni katika pengo hilo madaraja husimama au huanguka.