Sonam Dargye, bosi aliyekataa kukaa ofisini

Wadau, leo nawaletea habari ya jamaa mmoja ambaye hanitoki kichwani. Sonam Dargye, Mtibeti, alizaliwa 1954 wilaya ya Zhidoi, mkoa wa Qinghai, China. Alikuwa mkubwa wa serikali pale wilayani, angeweza kabisa kujinywea chai yake ofisini.

Lakini kule Kekexili, mita zaidi ya 4,500 juu, majangili walikuwa wanawamaliza swala wa Tibet kwa ajili ya sufi ya kutengenezea shali za matajiri. Yaki mwitu, wale ng'ombe wa manyoya marefu, nao hawakupona. Mwaka 1992 akaunda kikosi, akaingia porini mara 12. Januari 1994 akakamata majangili, wakamgeuka, wakampiga risasi. Alikutwa ameganda kwa baridi, bunduki bado mkononi.

Mwaka 1995 shemeji yake akakifufua kikosi, kikaitwa Yaki Mwitu. Kekexili ikawa hifadhi ya taifa 1997. Swala walioshuka chini ya 20,000 sasa wamepita 70,000, ila yaki mwitu bado wako hatarini.

Kinachoniuma mimi: hifadhi ilikuja yeye keshazikwa. Hivi lazima mtu afe kwanza ndo tushtuke? Semeni wadau.