Kijuma: Mcheza Kwao Aliyetunzwa Ugenini

Wahenga wetu walituachia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kuitia methali hii katika mizani kwa kuwasimulia maisha ya mtu mmoja wa Lamu, naye ni marehemu Muhamadi bin Abubakari bin Omari al-Bakari, ambaye mji mzima ulimjua kwa jina la Kijuma na wengine wakimwita Kijumwa. Alizaliwa yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Ni umri wa miaka tisini hivi, na katika miaka hiyo alifanya kazi za watu watano.

Vijana wetu wa leo huwajua wachekeshaji wa sinema na televisheni kwa majina na kwa sura. Hilo si baya. Lakini wengi hudhani kuwa mtu anayetunga maneno kisha akasimama mwenyewe kuyacheza mbele ya watu ni kitu kilichokuja na meli kutoka Ulaya. La hasha! Lamu ilikuwa na mtu wa namna hiyo kabla ya sinema kuzaliwa.

Mtoto huyu alizaliwa katika mji wa misikiti, vyuo na utenzi. Mwaka 1858, yeye angali mdogo, ndipo Mwana Kupona alipotunga nasaha zake kwa binti yake. Kwa hiyo Kijuma alinyonya mashairi pamoja na maziwa. Alipokua, mikono yake haikutulia. Alikuwa fundi wa kuchora mbao, na ustadi wake wa nakshi za milango ulisifika. Alikuwa na khati nzuri ya Kiarabu, akinakili tenzi kwa wino na kuzipamba kurasa zake. Aliunda na kupiga kinanda, kile tukiitacho kibangala. Alitunga nyimbo, akaziimba, na ulipofika wakati wa kucheza alishuka uwanjani akacheza.

Asiyeijua Lamu ya zamani huenda asielewe uzito wa jambo hili. Ngoma haikuwa mchezo wa kupoteza wakati. Mji uligawanyika mitaa miwili, Mkomani na Langoni, na kila upande ulitaka kumshinda mwenzake kwa mavazi, kwa karamu, na zaidi ya yote kwa maneno. Wimbo wa upande mmoja ulihitaji jawabu la upande wa pili, na jawabu lenyewe lisingengoja. Aliyetungiwa fumbo asipolijibu, mtaa mzima uliona haya. Mtunzi alitakiwa awe mwepesi wa akili, ajue aibu za watu bila ya kuzitaja wazi, awachekeshe wasikilizaji kwanza, kisha mchomo uingie baada ya kicheko. Kazi hii Kijuma aliiweza, naye alikuwa miongoni mwa viongozi wa michezo hiyo.

Huko Uingereza alizaliwa mwaka 1889 mtu ambaye ulimwengu wote unamjua, Charlie Chaplin. Yeye naye alitunga, akacheza, akaongoza, na katika sinema yake ya City Lights ya mwaka 1931 hata muziki aliutunga mwenyewe. Mimi sioni tofauti kubwa ya kipawa baina ya mtu yule wa London na mtu huyu wa Lamu. Tofauti naiona penginepo, na hapo nitafika.

Lakini msidhani kuwa mambo yalikuwa mteremko. Katika mji wa kidini kama Lamu, mwenye kinanda hutazamwa kwa macho mawili. Usiku anaitwa ili watu wafurahi, na asubuhi watu wale wale hutikisa vichwa. Zama hizo hata matari katika maulidi yalizusha mzozo. Habib Saleh, aliyeujenga Msikiti wa Riyadha, alilaumiwa na baadhi ya wakubwa wa mji kwa kuyaingiza. Ikiwa tari la kumsifu Mtume lilitiliwa shaka, sembuse kibangala cha gungu?

Kisha dunia ikageuka. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza ulinzi wao juu ya nchi hii. Reli ikaanzia Mombasa, na biashara ikaifuata huko. Mwaka 1907 utumwa ulipigwa marufuku katika pwani yetu, na nyumba kubwa za Lamu zilizotegemea mashamba zikadhoofika. Karamu za ngoma zilitaka mali, na mali ikawa haba. Fundi wa starehe afanye nini wenye starehe wanapofilisika?

Hapo ndipo Wazungu wenye kupenda lugha yetu walipomfikia. Bibi Alice Werner, aliyesafiri pwani hii kabla ya Vita Vikuu vya kwanza, ndiye aliyeandikiwa na Kijuma utendi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Baadaye William Hichens, aliyechapisha Al-Inkishafi mwaka 1939, alipelekewa miswada. Mjerumani Ernst Dammann alifika Lamu mwaka 1936 akakaa naye, na mwaka 1940 akachapisha huko Hamburg kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu. Kijuma alikuwa akilipwa kwa kazi hizi, nami simlaumu, kwani seremala akilipwa kwa mlango hakuna anayeuliza. Aliwafundisha pia Kiswahili wamisionari waliokuwapo Lamu, na kwa sababu hiyo watu wakasema mengi juu ya dini yake. Yaliyomo moyoni mwa mja anayajua Mola wake. Ninalolijua mimi ni kwamba alimwachia mwanawe utendi wa nasaha, Siraji, yaani taa.

Utendi wa Liyongo ni kisa cha kale, lakini ukiusoma ukikumbuka kuwa umeandikwa na mcheza gungu, utauona kwa jicho jingine. Liyongo amefungwa gerezani kwa amri ya mfalme wa Pate, na kifo chake kinangojwa. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa, na askari hawaudhulumu kwa kuwa ni chakula cha kimaskini. Ndani yake mna tupa. Liyongo anaomba achezewe gungu kabla hajafa. Watu wanakusanyika, ala zinalia, waimbaji wanaitikia, na katika kelele hizo yeye anakata minyororo. Ngoma inapokoma yuko huru.

Naam, waungwana, nani angeyasimulia haya kwa utamu kama mtu aliyejua kwa mwili wake kelele za uwanja zinavyoweza kuficha jambo? Kwa wengine ngoma ni upuuzi. Kwa Kijuma, ndiyo iliyomtoa shujaa kifungoni.

Sasa nirejee kwenye ile tofauti niliyoiahidi. Mwaka ule ule wa 1913, Kijuma alipokuwa akiandika Liyongo, Chaplin alitia sahihi mkataba wake wa kwanza wa sinema huko Marekani. Tangu hapo mwendo wake, fimbo yake na mzaha wa macho yake vikanaswa katika filamu, na mpaka leo mtoto aliyezaliwa baada ya kifo chake mwaka 1977 huvicheka. Kijuma hakupata mnasaji wa mwendo wake. Karatasi ilishika maneno tu, na karatasi zenyewe nyingi zimo London na Ujerumani. Kwa muda mrefu mwanachuoni aliyetaka kuiona khati ya mwana wa Lamu hakuwa na budi kusafiri ng'ambo. Ama zile nyimbo za papo kwa papo, zilizowavunja mbavu watu wa Mkomani na Langoni, nyingi zimekwenda na upepo wa kaskazi.

Je, methali imesema uongo? Mimi nasema haikusema uongo, ila sisi tumeielewa nusu. Kutunza ni kumtupia mchezaji zawadi usiku wa ngoma, na hilo watu wa Lamu walilifanya kwa ukarimu. Lakini kutunza ni kuhifadhi pia, na hilo tuliwaachia wageni. Wao hawakumwona uwanjani, wakahifadhi walichokielewa, nacho ni wino.

Wazee wajuao gungu, vugo na majibizano ya mitaa wangalipo visiwani, ingawa wanapungua kila mwaka. Siku hizi kila kijana ana mfukoni chombo cha kunasa sauti na picha. Basi kijana na amwendee babu yake au bibi yake, amwombe aimbe na asimame aoneshe hatua, kisha akiweke alichokipata mahali ambapo hata wajukuu watakifikia. Mchezaji akishakufa, mwendo wake hauandikiki tena.

Mwenyezi Mungu amrehemu Muhamadi Kijuma, naye atusamehe sisi tuliorithi mlango wake wa nakshi tukasahau kuuliza alikuwa akicheza vipi.