Joy Adamson na Mavazi ya Ngozi ya Nchi ya Chai

Likitajwa jina la Bibi Joy Adamson, wengi humkumbuka simba jike Elsa na kitabu kilichotoka mwaka 1960, kikampa bibi huyo sifa dunia nzima. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya Elsa alikuwa mchoraji, na kwamba alizunguka Kenya, bara na pwani, akichora watu katika mavazi yao ya kale.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya dola ya Austria. Siku hizi huitwa Opava nao umo katika Jamhuri ya Czech. Alisoma muziki mjini Vienna, akajifunza pia ushonaji wa nguo. Mwaka 1937 alifika Kenya. Mumewe wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, na kwake ndiko alikoanza kuchora maua. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, ofisa wa wanyama wa porini.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora makabila ya nchi kabla mavazi yao hayajapotea. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa, akachora picha zaidi ya 500. Watu wa pwani walichorwa, na Wakipsigis wa Kericho na Bomet kadhalika.

Huko Kericho mambo yalikuwa yamekwisha geuka. Mashamba makubwa ya chai yalianza katika miaka ya 1920, na kijana aliyeingia kazi ya mshahara alivaa kaptula na shati. Vazi la ngozi likabaki la wazee na la sherehe, kisha likapandishwa darini.

Nalo halikuwa vazi la kudharauliwa. Ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe ilikwanguliwa manyoya, ikalainishwa kwa mafuta, ikatobolewa na kushonwa, kisha ikapambwa kwa safu za ushanga na kauri. Sisi watu wa pwani tuna haki ya kulitazama vazi hilo kwa makini, kwa kuwa kauri hazizaliwi milimani. Zilitoka katika bahari yetu, na ushanga nao ulishushwa bandarini kwetu, vikapanda bara mkono kwa mkono mpaka kwa mama wa Kipsigis.

Lakini ngozi ina maadui wengi. Mafuta yakikauka, hukakamaa na kupasuka penye mikunjo. Kericho ni nchi ya mvua nyingi, na unyevu huleta koga. Wadudu hula kingo, uzi huoza, na uzi mmoja ukikatika safu nzima ya ushanga humwagika. Penye pambo la shaba, mafuta ya ngozi huifanya itoe kutu ya kijani inayokula ngozi yenyewe.

Kwa hiyo Bibi Adamson alifanya jambo la maana. Picha zake nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, nazo huonyesha rangi gani ilikaa wapi na kauri ngapi zilipangwa. Hata hivyo, picha huonyesha upande wa mbele tu. Haionyeshi fundo lililo nyuma ya ngozi, wala namna mkono ulivyoupitisha uzi. Vazi likichanika, haliwezi kutengenezwa kwa kutazama picha. Linamtaka mtu aliyefundishwa na mama yake. Tena jina la mchoraji limeenea duniani, bali majina ya akina mama walioshona hayakuenea.

Bibi Adamson aliuawa tarehe 3 Januari 1980 huko Shaba, karibu na Isiolo. Picha alizoacha nazo zina udhaifu wao, kwani rangi za maji hufifia zikipigwa na mwanga mwingi.

Funzo hili linatuhusu hata sisi. Kofia ya viua iliyoshonwa na bibi, au kanzu ya marehemu babu yenye tarizi shingoni, huharibika vivyo hivyo sandukuni. Kuipiga picha ni vizuri. Kuifungua, kuipunga hewa kivulini na kuikunja upya penye mkunjo mwingine ni vizuri zaidi. Na lililo bora kuliko yote ni kumkalisha binti au kijana karibu na anayejua kushona, madhali yu hai.